Konstantin Tsiolkovsky: Mwalimu wa Shule Aliyeipima Njia ya Angani

Mkufunzi anayekagua mazoezi ya kufundisha huketi nyuma ya darasa, na kutoka huko huona mengi ambayo mwalimu aliyesimama mbele hayaoni. Siku moja niliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya msingi. Somo lilikuwa sayansi na mada ilikuwa mfumo wa jua. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa barabara. Andalio la somo lilikuwa safi, na ukutani alikuwa ametundika chati kubwa aliyoichora mwenyewe kwa rangi, jua likiwa katikati na sayari nane zikilizunguka. Watoto walizitaja sayari hizo kwa sauti moja, kwa mpangilio, bila kukosea. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza watu walijuaje umbali wa jua ilhali hakuna aliyewahi kwenda huko na kamba ya kupimia. Mwanachuo akamwambia aketi, kwani swali hilo halikuwamo katika somo la siku ile.

Simlaumu mwanachuo yule. Huenda yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa jibu lake, na mwalimu asiyejua jibu huogopa swali. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikitafakari namna tunavyozitumia zana za kufundishia elimu ya anga: chati, picha, tufe, mifano ya sayari, vitabu vya hadithi, na siku hizi hata filamu zinazoonekana katika simu. Zana hizi humvutia mtoto upesi kuliko zana nyingi za sayansi. Hatari yake ni kwamba huweza kumvutia kisha zikamwacha palepale, akishangaa bila kuelewa na akikariri bila kuuliza.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwalimu wa shule aliyeishi Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, ambaye ulimwengu unamheshimu kuwa mmoja wa waasisi wa elimu ya safari za anga za juu. Wengi wanaolijua jina lake hawajui kwamba alishika chaki kwa takriban miaka 40, wala hawajui kwamba vifaa vyake karibu vyote alivitengeneza kwa mikono yake. Mwanachuo anayejiandaa kufundisha ana mengi ya kujifunza kwake.

Utoto na uziwi

Konstantin Tsiolkovsky alizaliwa Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan. Baba yake, Eduard, alikuwa mtumishi wa idara ya misitu, na familia ilikuwa kubwa yenye kipato kidogo. Mama yake, Maria, ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, Konstantin alishikwa na homa kali ya vipele vyekundu. Alipona, lakini masikio yake yaliharibika na akabaki na uziwi uliomfuata maisha yake yote. Mwaka 1870 mama yake akafariki. Wakati huo familia ilikuwa imehamia mji wa Vyatka, na mtoto alikuwa amepelekwa shuleni huko, lakini shule haikumfaa. Walimu walisema mbele, yeye akiwa hasikii. Wenzake walimcheka. Alirudia darasa, na mwaka 1873 akaacha shule kabisa. Tangu hapo hakuingia tena darasani kama mwanafunzi.

Hapa mwanachuo na atue kidogo. Mtoto huyu ambaye baadaye angekokotoa njia ya kutoka duniani aliondoka shuleni akihesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Akili yake haikuwa na kasoro. Sauti ya mwalimu haikumfikia. Katika kila darasa kubwa huenda wapo watoto wa namna hii. Huketi nyuma, huchelewa kujibu, na mwalimu huwadhania kuwa wavivu au wazito. Mwalimu anayeandika ubaoni huku akizungumza na ubao huwapoteza kila siku.

Mnara wa zimamoto

Nyumbani, Konstantin alijifunza kutoka katika vitabu vichache vya baba yake. Alikuwa na mazoea ya kutengeneza kila kitu alichosoma habari zake. Aliunda vigari vilivyosukumwa na upepo, saa za mbao, na mashine ndogo ya kukerezea.

Siku moja alisoma habari za kupima umbali kwa njia ya pembe. Akatengeneza chombo cha kupimia pembe, na bila kutoka nyumbani akakilenga kwenye mnara wa zimamoto uliokuwa ukionekana kwa mbali. Akakokotoa na kupata kwamba mnara ulikuwa umbali wa arshini 400, kipimo cha Kirusi cha wakati ule, yaani karibu meta 284. Kisha akatoka, akaupima umbali ule kwa kuutembea. Ukawa sawasawa na hesabu yake. Yeye mwenyewe alieleza uzeeni kwamba tangu siku ile aliamini kuwa maarifa ya vitabuni ni ya kweli.

Tukio hili ni dogo, lakini ndani yake umo mwendo wote wa kufundisha sayansi. Kwanza palikuwa na kitu kinachoonekana kwa macho, yaani mnara. Pili palikuwa na chombo kilichotengenezwa na mtoto mwenyewe. Tatu palikuwa na hesabu. Mwisho palikuwa na uthibitisho, nao aliupata kwa miguu yake. Laiti mtoto yule angeambiwa tu kwamba mnara uko umbali wa arshini 400, angeisahau namba ile kabla ya jua kutua.

Mkate wa kopeki tisa

Baba aliona kipaji cha mwanawe, naye ingawa hakuwa na uwezo mkubwa, mwaka 1873 alimpeleka Moscow akajielimishe. Konstantin alikuwa na umri wa miaka 16. Alikaa huko miaka mitatu, akisoma katika maktaba ya umma isiyotoza ada. Mtunzaji wa maktaba, Nikolai Fyodorov, alimsaidia kupata vitabu. Kijana alianza na hesabu na fizikia za kiwango cha shule, kisha akaendelea hadi hisabati za juu, pasipo mwalimu wa kumsomesha.

Kila baada ya siku tatu alinunua mkate mweusi wa kopeki tisa, na chakula chake kikawa mkate huo na maji. Kwa hiyo kwa mwezi mzima alitumia kopeki 90 kwa chakula. Fedha nyingine alizoletewa na baba yake aliziishilia katika vitabu, zebaki, asidi na vifaa vya majaribio. Si mfano wa kuigwa katika suala la afya, na baba yake alihuzunika alipouona wembamba wake.

Huko Moscow alipatwa na jambo ambalo kila mwalimu wa sayansi anapaswa kulijua. Aliwaza kwamba kama uzito ungezungushwa kwa kasi ndani ya sanduku, nguvu ya mzunguko ingeweza kuliinua sanduku hilo hadi nje ya dunia. Furaha ilimshinda. Hakuweza kulala, akazunguka katika mitaa ya jiji usiku akiwaza ugunduzi wake. Kabla ya kupambazuka akaona kosa: sanduku lingetikisika tu, wala lisingenyanyuka hata kidogo. Hata hivyo hakulitupa wazo la kuiacha dunia. Alilitupa jibu lililokosea, akabaki na swali.

Mkufu wa maumbo

Mwaka 1876 baba yake alimwita nyumbani. Konstantin alianza kuwafundisha watoto wa watu masomo ya ziada ya hesabu na fizikia, na sifa zake zikaenea kwa kuwa alieleza mambo kinaganaga. Ili amfundishe mvulana mmoja jiometri, alitengeneza maumbo mbalimbali ya karatasi ngumu, akayatunga katika uzi mmoja kama mkufu, akapita nayo katika mitaa ya mji hadi nyumbani kwa mwanafunzi wake. Bila shaka wapita njia walimtazama. Yeye alijali kwamba mtoto angeushika mche na piramidi kwa mikono, akahesabu nyuso zake mwenyewe.

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu kama mtahiniwa wa nje, akafaulu. Mwaka 1880 aliteuliwa kufundisha hesabu na jiometri katika shule ya wilaya ya Borovsk, mji mdogo kusini-magharibi ya Moscow. Mwaka huohuo akamwoa Varvara Sokolova.

Mwalimu wa Borovsk

Alikaa Borovsk miaka 12. Mchana alifundisha; alfajiri na usiku alifanya utafiti wake. Aliunda mashine ya umeme wa msuguano iliyotoa cheche na kusimamisha nywele za wageni. Alitengeneza pia puto la karatasi lililopanda kwa hewa moto, chini yake kukiwa na vijiti vinavyowaka. Puto moja liliponyoka, likapaa juu ya mji likidondosha cheche, likaangukia kwa fundi viatu. Katika mji wenye nyumba za mbao hilo halikuwa jambo la mzaha, na mwalimu alitishiwa kushitakiwa. Tunaweza kucheka leo, lakini tuchukue onyo: jaribio la moto halifanywi na watoto pasipo tahadhari, na puto lenye moto lisirushwe kamwe.

Kazi yake ya kwanza ya kisayansi ilimpa somo chungu. Karibu mwaka 1881 aliandika nadharia kuhusu mwenendo wa gesi, akaipeleka kwa jumuiya ya wanasayansi wa fizikia na kemia mjini Petersburg. Akajibiwa kwamba mambo yale yalikuwa yamekwisha gunduliwa miaka kama 25 iliyotangulia. Alikuwa amefanya kazi kubwa na sahihi, lakini kwa kuwa aliishi mbali na vitabu vipya na mbali na wataalamu wenzake, alifungua mlango uliokuwa wazi. Wataalamu wale hata hivyo walimtia moyo aendelee. Kujitegemea ni jambo jema. Kujitenga ni hasara. Mwalimu wa kijijini anayetengeneza zana zake mwenyewe bado anahitaji maktaba, jarida, na mwenzake wa shule jirani wa kubadilishana naye mawazo.

Mwaka 1883 aliandika mswada kuhusu anga tupu lisilo na hewa wala uzito. Humo alieleza kwamba mahali pasipo na kitu cha kukanyagia wala cha kushika, njia ya kusonga ni kutupa kitu upande mmoja ili usukumwe upande wa pili. Hiyo ndiyo kanuni ya roketi. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, nyumba aliyokuwa akiishi iliungua, na vitabu, miswada na mifano yake mingi ikateketea. Akaanza upya.

Kaluga

Mwaka 1892 alihamishiwa mji wa Kaluga, na huko akaishi hadi kufa kwake. Kuanzia mwaka 1899 hadi 1918 alifundisha fizikia katika shule ya wasichana iliyokuwa chini ya kanisa. Vifaa vya maabara vilivyoharibika alivitengeneza mwenyewe. Kwa sababu ya uziwi hakupenda kutumia kipindi kizima kuwahoji wanafunzi. Alipendelea kueleza na kuonyesha. Nyumbani alitumia bomba pana la bati alilolitengeneza, mdomo mwembamba ukiwa sikioni, ili asikie wageni wake.

Mwaka 1897 aliunda mashine ya kupulizia upepo, akapima namna hewa inavyozuia maumbo mbalimbali yaliyotengenezwa kwa karatasi. Akademia ya Sayansi ya Urusi ilimpa rubli 470 kuendeleza majaribio hayo. Kwa kazi zake nyingine hakupata msaada; vitabu vyake vingi vidogo alivichapisha kwa mshahara wake wa ualimu.

Mwaka huohuo wa 1897 alikokotoa kanuni inayobeba jina lake hadi leo. Kanuni hiyo inasema kwamba kasi inayoweza kufikiwa na roketi hutegemea mambo mawili: kasi ya gesi inayotoka nyuma, na uwiano kati ya uzito wa roketi ikiwa imejaa mafuta na uzito wake ikiwa tupu. Tuchukue mfano. Kama gesi hutoka kwa kasi ya kilometa 4 kwa sekunde, na tukiacha kando kizuizi cha hewa na mvutano wa dunia, roketi inayotaka kufikia kasi hiyohiyo ya kilometa 4 lazima wakati wa kuondoka iwe na uzito wa mara 2.7 ya uzito wake tupu. Ikitaka kilometa 8 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya karibu inayohitajika ili kuizunguka dunia bila kuanguka, lazima iwe mara 7.4. Ikitaka kilometa 12, lazima iwe mara 20. Kasi huongezeka kwa kujumlisha, mafuta huongezeka kwa kuzidisha. Ndiyo sababu roketi ni kubwa mno ilhali mzigo wake ni mdogo mno.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1903 katika jarida la sayansi. Mhariri wake akafariki mwaka huo, jarida likakoma, na sehemu ya pili ikasubiri hadi mwaka 1911 na 1912. Humo Tsiolkovsky alikwisha pendekeza roketi itumie haidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminika. Katika miaka hiyo hiyo misiba ilimwandama. Mwanawe Ignaty alifariki mwaka 1902 akiwa masomoni, na mwaka 1908 mafuriko ya mto Oka yaliingia nyumbani mwake na kuharibu vitu vyake. Asubuhi aliendelea kwenda shuleni.

Inafaa kutaja pia kwamba aliandika hadithi. Hadithi yake kuhusu safari ya mwezini ilitoka mwaka 1893. Ndani yake watu huruka mbali na kuanguka polepole, kwa kuwa mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya mvutano wa dunia. Alitumia hadithi kumfanya msomaji auone ukweli wa hesabu. Mshangao ulitoka katika namba yenyewe.

Miaka ya mwisho

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, serikali mpya ilimtambua, na mwaka 1921 akapewa pensheni. Mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu magarimoshi ya roketi, yaani roketi kadhaa zilizounganishwa, ambapo moja ikimaliza mafuta yake huachwa na nyingine huendelea zikiwa nyepesi. Mwaka 1932, alipotimiza miaka 75, alitunukiwa nishani ya taifa. Alifariki Kaluga tarehe 19 Septemba 1935, akiwa na umri wa miaka 78.

Ni haki tuseme kwamba hakuwahi kurusha roketi hata moja ya mafuta ya kimiminika. Aliyefanya hivyo kwanza ni Robert Goddard, katika Marekani, mwaka 1926, naye alikuwa amefikia mawazo yake kwa njia yake mwenyewe. Lakini tarehe 4 Oktoba 1957, mwaka uleule ambao Tsiolkovsky angetimiza miaka 100, Umoja wa Kisovyeti ulirusha setilaiti ya kwanza ya dunia. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akaizunguka dunia, na miezi miwili baadaye alikwenda Kaluga kuweka jiwe la msingi la makumbusho ya safari za anga yenye jina la mwalimu yule. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1967.

Mwanachuo wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hizi ni za mbali tu. Karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka katika nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru. Roketi iliyoibeba ilikuwa ya hatua nne, moja ikidondoka baada ya nyingine, kwa mpango uleule wa magarimoshi ya roketi. Mahali pale palifaa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Mwalimu akiwa na tufe na uzi anaweza kuwafanya watoto wa Darasa la Sita walione hilo.

Namna ya kuyatumia darasani

Maisha haya yanatupa kipimo cha kuichunguza zana yoyote ya elimu ya anga kabla ya kuiingiza darasani. Mwalimu ajiulize: Mtoto atafanya nini kwa zana hii, na atathibitisha nini yeye mwenyewe? Kama jibu ni kwamba atatazama na kutaja majina, zana hiyo bado haijakamilika. Ifuatayo ni mifano inayowezekana katika shule yoyote.

Mfano wa kwanza ni mnara wetu wenyewe, yaani mlingoti wa bendera. Kunja karatasi ya mraba kutoka pembe hadi pembe upate pembetatu yenye nyuzi 45. Mtoto aishike mbele ya jicho, upande wa chini ukiwa sawa na ardhi, atazame kando ya upande ulioinama, na asogee mbele au nyuma hadi aone ncha ya mlingoti. Hapo umbali kati yake na mlingoti, ukijumlishwa na kimo cha jicho lake kutoka ardhini, ni sawa na urefu wa mlingoti. Kisha mlingoti upimwe kwa kamba yake ya bendera, ili hesabu ithibitishwe.

Mfano wa pili ni puto. Pitisha uzi mrefu ndani ya mrija, uufunge kati ya madirisha mawili, kisha ubandike puto lililojaa hewa kwenye mrija na uliachie. Usiishie hapo, kwani hapo watoto hushangilia tu. Pimeni umbali liliosafiri, liongezewe mzigo wa vipande vya karatasi ngumu, mpime tena, na mwandike jedwali ubaoni. Watoto wataona kwamba mzigo ukiongezeka umbali hupungua. Hiyo ni nusu ya kanuni ya Tsiolkovsky, katika lugha ya Darasa la Tano.

Mfano wa tatu Tsiolkovsky mwenyewe aliueleza. Tia yai bichi katika kikombe cha plastiki chenye maji, ongeza chumvi hadi yai lielee katikati, kisha ukigongeshe kikombe mezani. Yai halivunjiki, kwa kuwa maji yanalibeba pande zote. Kwa njia hiyo alifikiria namna ya kumlinda msafiri wa roketi wakati wa kuondoka kwa kasi. Waulize watoto kwanza wanatarajia nini, ndipo ugonge.

Katika majaribio yote ya anga, mwalimu akumbuke kuwakataza watoto kulitazama jua moja kwa moja, hata kwa muda mfupi. Aidha, wale wasiosikia vizuri waketi karibu, na mwalimu awaelekezee uso anapozungumza. Zana inayoonekana na kushikika huwasaidia wao zaidi ya wote.

Hitimisho

Sasa turudi kwa msichana wa Darasa la Tano. Swali lake lina jibu, na mwalimu angeweza kuanza kulitoa palepale bila kifaa chochote. Mwambie anyoshe mkono, asimamishe kidole gumba, afumbe jicho moja, kisha lingine. Kidole kitaonekana kuruka kutoka upande hadi upande, na kikiwa karibu zaidi na uso kitaruka zaidi. Kwa kupima mruko huo na umbali kati ya macho mawili, umbali wa kidole hujulikana bila kukigusa. Wanaastronomia walifanya vivyo hivyo mwaka 1761 na 1769, sayari ya Zuhura ilipopita mbele ya jua. Waliitazama kutoka sehemu za dunia zilizo mbali sana, kana kwamba dunia ilikuwa uso na vituo vyao vilikuwa macho. Kwa hesabu ya pembe wakaukaribia umbali wa jua, ambao leo tunajua ni kilometa milioni 150 hivi.

Nilimweleza hayo mwanachuo yule baada ya kipindi, tukiwa chini ya mwembe, kila mmoja akiwa amenyosha kidole gumba kama mtoto. Akaniomba ruhusa ya kulirudia somo siku iliyofuata, nami nikakubali. Chati yake aliitundika tena palepale, na safari hii alianza kwa kumwita msichana yule aje mbele aliulize swali lake upya.